Dakika Kumi Nilizomnyima Mang Teryo

"Binti, siombi hela, siombi chakula. Naomba mikono yako dakika kumi tu."

Aliyeniambia hivyo ni mzee wa miaka sabini na mbili, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, ndani ya chumba cha dharura cha hospitali ya mkoa wetu.

Nikamnyima.

Nina sababu, na ukiisikia utasema hata wewe ungemnyima. Wote niliowasimulia wameniambia hivyo. Lakini huu ni mwaka wa tatu, na bado kuna siku nimekaa kwenye cherehani, mguu uko kwenye pedeli, yale maneno yananijia na ninashindwa kumaliza hata kola moja.

Nimeamua kuyaweka hapa yote. Soma mpaka mwisho, maana ubaya wenyewe hauko hapa juu.

Naitwa Luzviminda, mtaani wananiita Minda. Nashona sare za shule. Ndoa ilinishinda mapema, nikarudi kukaa kwa kaka yangu Crisanto. Mimi namwita Kuya Santo, kwa kuwa ndiye mkubwa na sijawahi kumwita vingine.

Baba alifariki nikiwa darasa la pili. Kuya akaacha shule, akashika mashine ya kuchomelea, akawa anaunda vile vibanda vya abiria vinavyofungwa ubavuni mwa pikipiki. Mikono yake ilijaa vikovu vidogo vya cheche. Kila kikovu ni daftari langu, au kiatu changu, au ada.

Mkewe, wifi yangu Nenita, yuko Hong Kong mwaka wa tisa sasa, analea watoto wa watu. Wao wenyewe hawakujaliwa mtoto.

Kuya alikuwa na jogoo.

Msicheke. Jogoo wa kupigana, mwekundu, mwenye dharau. Kila alfajiri Kuya anamtoa bandani, anamkanda mapaja kwa spiriti, anamsimulia mambo ya mtaani. Nenita akipiga simu swali la kwanza ni, "Mke mwenzangu hajambo?" Tunacheka mpaka basi.

Sasa ile Jumanne nikasikia jogoo anapiga kelele ambazo si za kuwika. Nikatoka na taulo begani, nikamkuta Kuya kalala chali uani. Jogoo amesimama kifuani mwake. Chupa ya spiriti imemwagika yote kwenye fulana yake.

"Kuya! Kuya, amka!"

Macho wazi, mdomo umekwenda upande. Anakoroma.

Jirani akatoa pikipiki yake ya kibanda, tukamkunja Kuya humo ndani, mbio mpaka hospitali. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa mlangoni. Kumbuka huo muda.

Nesi wa mezani hakuinua uso.

"Bantay wake nani?"

Kwetu mgonjwa haingii bila bantay, ndugu wa kukaa naye. Wewe ndiye utakayemgeuza, utakayemfuta, utakayekimbilia dawa, utakayeshikilia dripu msumari ukikosekana. Mgonjwa mmoja, bantay mmoja. Unavikwa kadi shingoni, na mlinzi mlangoni hana undugu na mtu.

"Mimi," nikasema.

Akanipa kadi. Halafu akasogea kumwangalia Kuya, akavuta pua, akarudi nyuma.

"Huyu amekunywa."

"Hapana nesi, hiyo ni spiriti ya jogoo. Anamkandaga kila asubuhi. Imemwagikia."

"Spiriti ya jogoo." Akamtazama mwenzake, wakacheka. "Dada, mimi hapa naona walevi kila siku. Mlaze pale kwenye benchi, pombe ikiisha ataamka mwenyewe."

"Mdomo wake umepinda, nesi."

"Hata wa kwako ungepinda. Anayefuata!"

Na mimi nikafanyaje? Nikasema asante. Ndiyo, nikasema asante, nikamburuta kaka yangu hadi kwenye benchi. Tumelelewa hivyo, mtu mwenye gwanda jeupe habishiwi. Ukimbishia ataudhika, akiudhika mgonjwa wako ndiye atakayeumia. Nikakaa na kichwa cha Kuya mapajani, namfuta mate, naona aibu hata kukohoa.

Tulikaa saa nzima na nusu.

Saa mbili Kuya akatapika, mwili ukamkakamaa, halafu akaacha kukoroma. Ule ukimya ndio ulionitoa ukelele. Hapo ndipo walipokuja mbio, daktari na manesi wawili, wakamtupa juu ya kitanda cha magurudumu, wakamsukumia mpira kooni. Daktari akamfunua macho, akamulika, akauliza, "Kaletwa saa ngapi huyu?"

Manesi wakajishughulisha na mpira wa kooni.

Akanigeukia mimi. "Mshipa umepasuka kichwani. Hapumui mwenyewe. Inatakiwa mashine ya kupumulia, na mashine zipo tano, zote zina watu. Mpo namba nne kwenye foleni."

"Mpaka hapo, dokta?"

"Mpaka hapo ni wewe."

Nesi akanikabidhi kifuko cha mpira, ukubwa wa balungi, kimeunganishwa na ule mpira wa kooni. Akanishika vidole, akanionyesha. Finya. Achia. Hesabu mpaka nne. Finya.

"Usiache. Ukiacha, anaondoka."

Akabandika kipande cha plasta kwenye chuma cha kitanda, akaandika kwa kalamu: 4. Akaenda zake.

Jamani. Mimi ni fundi cherehani. Dakika tano zilizopita nilikuwa na kaka, sasa nilikuwa na pumzi zake ndani ya kiganja.

Baada ya nusu saa wakamleta mwanamke mzee kitanda cha pili, naye ana mpira kooni. Plasta yake ikaandikwa 5. Jina Consolacion, kwa heshima Aling Consing, yaani Bi Consing; nimonia. Alikuwa amekesha usiku kucha kwenye kiti cha magurudumu koridoni akivuta pumzi kwa shida, wanamwambia asubiri. Mumewe akapewa kifuko kama changu.

Huyo mume ndiye Mang Teryo, yaani Mzee Teryo. Mfupi, shati limefungwa vifungo mpaka juu kama anakwenda misa.

Alinitazama ninavyofinya, akatikisa kichwa.

"Binti, unakamua nguo au unampa mtu hewa?"

"Sijawahi, mzee."

"Polepole. Kiwiko kiweke juu ya chuma. Taulo weka chini ya kifundo. Mimi mwaka juzi nilimfinyia shemeji yangu siku mbili."

"Akapona?"

Akajifanya hajasikia. "Unafanya kazi gani wewe?"

"Nashona."

"Basi una vidole. Mimi nilikuwa mpishi wa harusi, nimebaki na kitambi tu."

Nilicheka. Naapa, nilicheka pale pale, kaka yangu akiwa hivyo. Yule mzee alinipa ile pumzi ambayo mimi sikuwa na mtu wa kunifinyia. Binti yake mmoja alikuwa njiani, meli yake inafika jioni. Mpaka jioni yeye ni peke yake, mimi ni peke yangu. Tukawa tunafinya, tunaongea, tunafinya. Alinisimulia Aling Consing alivyomkataa mara tatu kwa sababu ya ufupi. Nikamsimulia habari za jogoo.

Saa nne kamili nesi akanitupia karatasi. "Dawa hii hapa hatuna. Nenda duka la ng'ambo ya barabara."

"Na kaka nimwachie nani?"

"Dada, mtajua wenyewe. Mimi nina wagonjwa arobaini."

Nikageuka huku na huku. Mang Teryo akavuta kitanda cha Kuya kwa mguu mpaka kikagusana na cha mkewe, akasimama katikati.

"Lete."

"Mzee, utaweza wote wawili?"

"Nimekoroga masufuria mawili maisha yangu yote. Nenda, kimbia."

Mkono wa kulia kwa mkewe. Mkono wa kushoto kwa kaka yangu. Finya huku, finya kule. Nikakimbia.

Duka lilikuwa na foleni, na pale ndani watu wanauliza bei za maziwa ya watoto. Nilitumia dakika ishirini na tano. Nilivyorudi Mang Teryo alikuwa vilevile katikati, anafinya huku na kule, shati limelowa lote.

"Asante, Mang Teryo, Mungu akulipe."

Akanipa kifuko bila kuniangalia. "Shika, binti."

"Daktari amepita?"

"Amepita."

"Kasema nini?"

Akajifuta jasho kwa bega. "Kasema nesi atakuja kuongea na wewe."

Nikajua ni habari ya dawa. Nikaiweka dawa kwenye kona ya kitanda, nikaendelea. Finya. Achia. Moja, mbili, tatu, nne.

Nesi hakuja.

Wakati huohuo mlango ukafunguka kwa kishindo. Basi dogo la abiria lilikuwa limebinuka kwenye daraja, wakaletwa watu kumi na moja kwa mpigo, damu mpaka dirishani. Manesi wote wakaenda huko. Hata kile kimashine cha kuonyesha mapigo ya moyo, kilichokuwa kando ya Kuya, mmoja alikuja akakichomoa nyaya, akaondoka nacho. Sikuuliza. Nilidhani kuna anayekihitaji zaidi, nikasogea hata kumpisha apite.

Tangu hapo Mang Teryo hakunitania tena. Nikasema amechoka.

Saa tano mashine ikapatikana, ya tatu tangu asubuhi. Wakaita namba tatu. Moyo wangu ukaruka, maana anayefuata ni mimi! Nikamwinamia Kuya sikioni.

"Kuya, bado sisi tu. Vumilia."

Daktari mwingine, kijana, akapita amebeba faili kwapani. Nikamshika koti.

"Dokta, namba nne, mashine itachukua muda?"

Hakusimama. "Endelea hivyohivyo, dada. Unafanya vizuri."

Unafanya vizuri! Mwenzenu nilivimba kichwa. Nilijiona nimemwokoa kaka yangu kwa vidole hivi.

Saa sita Nenita, aliyepewa habari na jirani, akapiga simu kutoka Hong Kong. Nikaibana kati ya sikio na bega.

"Wifi, niambie ukweli. Yupo?"

"Yupo, wifi. Kifua kinapanda na kushuka, nakiona."

"Mwambie nimeomba ruhusa. Mwambie nakuja."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa sauti, kila mtu alisikia, na Mang Teryo akageuzia uso wake ukutani.

Muda si mrefu nikagusa miguu ya Kuya, nikaona ya baridi. Nesi alikuwa anapita na beseni, nikamwita.

"Nesi, miguu yake imepoa sana."

"Feni hiyo. Mvalishe soksi."

Soksi natoa wapi mie? Nimetoka nyumbani na kandambili. Mang Teryo, mkono mmoja ukiendelea kufinya, akaingiza mwingine kwenye mfuko wa mkewe, akatoa soksi za sufu za zambarau, akanirushia.

"Mvalishe hizi. Consing hatazihitaji kwa sasa."

Nikamvalisha kaka yangu soksi za kike za zambarau, kwa mkono mmoja, huku wa pili unafinya. Nikamwambia akipona nitamtangaza mtaa mzima.

Saa sita na nusu ndipo aliponiomba.

Nilikuwa nimeanza kumsikia anavyohema. Mikono ilikuwa imemwisha. Alikuwa anafinya kwa viganja viwili, kisha akawa anabana kifuko kwa kiwiko na ubavu, kisha akapiga magoti akawa anakilalia kwa kidevu. Kifua cha Aling Consing kilikuwa kinainuka kidogo tu, tena kwa kuchelewa.

"Binti," akasema. "Siombi hela, siombi chakula. Naomba mikono yako dakika kumi tu. Vidole vyangu vimeganda."

Nisikilizeni vizuri hapa. Yule mzee alinishikia kaka yangu dakika ishirini na tano. Vitanda vilikuwa bado vimegusana. Mimi ni kijana kwake, nina vidole vya fundi, ningeweza kusimama katikati kama alivyosimama yeye. Yote hayo yalinipitia kichwani. Na hakunikumbusha hata moja.

Lakini mimi nilikuwa namba nne. Niliyefuata ni mimi. Nikasema nikigawanya mikono, nikakosea pumzi moja tu, nimemuua Kuya mlangoni mwa mashine.

"Mzee, nisamehe. Nikimlegezea kaka, anakufa."

Aliniangalia. Kwa mara ya kwanza tangu saa nne aliniangalia usoni, midomo ikafunguka kama anataka kusema jambo.

Akaifunga.

"Sawa, binti. Sawa."

Akaita nesi. Akaita tena. Mlinzi akamwambia, "Mzee, punguza sauti, wenzio ni mahututi." Nami nikainamisha uso wangu kwa Kuya, nahesabu kwa sauti ili nisimsikie.

Saa saba na dakika tano alinyamaza. Nilipogeuka alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye gurudumu la kitanda, mikono imelala mapajani viganja juu. Kifuko kilikuwa kinaning'inia. Nesi alikuja, akagusa shingo ya bibi, akavuta shuka mpaka juu, akasema, "Pole, mzee." Akaondoka.

Nililia, nikaendelea kufinya.

Saa saba na nusu mlango wa ndani ukafunguka, nesi mwingine kabisa, ana orodha mkononi. Yule wa kwanza hakuwa amemwambia kwamba bibi ameshafariki.

"Mashine imepatikana! Namba tano! Consolacion!"

Nilidhani nimesikia vibaya. "Nesi! Namba nne bado! Namba nne ni sisi!"

"Namba tano," akarudia.

"Haiwezekani! Namba nne hapa, angalia plasta! Tumekaa tangu asubuhi! Mnaturukaje?"

Ndiyo, hapo nilipiga kelele. Siku nzima nilikuwa mpole, nikaja kuupata mdomo saa saba na nusu. Akaja amekasirika, akafungua faili la Kuya lililokuwa miguuni pa kitanda, akasoma. Akasoma tena. Akaniangalia, akaangalia mkono wangu unavyofinya.

"Dada," akasema taratibu, "kwani hujaambiwa?"

"Nimeambiwa nini?"

"Acha kufinya kwanza."

"Nimeambiwa nini?"

"Huyu amefariki saa nne na dakika ishirini."

Finya. Achia. Moja, mbili, tatu, nne. Mkono haukukubali kusimama. Nesi ndiye aliyeniondoa kidole kimoja kimoja.

Saa tatu na dakika tano. Nilimpa hewa maiti saa tatu na dakika tano. Nilimwambia Nenita yupo. Nilimvalisha soksi. Na pembeni yangu, kwa umbali wa mkono, mtu aliye hai alikata roho akisubiri vidole vyangu.

Nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi. Unajua daktari kijana aliniambia nini? "Dada, usifanye fujo, kuna wagonjwa." Yule yule wa unafanya vizuri. Wakaanza kuulizana mbele yangu, si wewe ulitakiwa kumwambia, aah mimi nilidhani ameshaambiwa, ajali ilivyoingia mimi sikuwepo. Mmoja akachomoa kifuko kwenye mpira wa Kuya, akakifuta kwa pamba, akaenda nacho kwa mgonjwa mwingine. Kisha wakanidai kadi yangu ya bantay.

Nilipomtafuta Mang Teryo, machela ya mochwari ilikuwa imeshamchukua mkewe, naye kaifuata.

Tulimzika Kuya. Nenita alifika siku ya mazishi, akaniuliza swali moja tu. "Kumbe uliposema yupo, alikuwa hayupo?" Hakunilaumu, ila mpaka leo hajawahi kuniita wifi tena, ananiita Luzviminda.

Niliandika barua ya malalamiko hospitali. Baada ya miezi miwili wakajibu, mistari minne. Walisikitika kwa "mawasiliano kutokamilika" na wahusika wamekumbushwa. Pamoja na barua wakanipa nakala ya faili, na humo nikakuta mstari wa kwanza kabisa: *Saa 12:30 asubuhi, harufu ya pombe, asubiri.* Mstari wa pili umeandikwa saa mbili.

Nikakaa na karatasi hizo wiki nzima. Kisha nikazifua zile soksi za zambarau, maana za kuzikwa tulimvalisha nyingine, nikapika wali mtamu wa kufunga kwenye majani ya mgomba, nikaulizia nyumbani kwa Mang Teryo.

Anakaa nyuma ya soko la samaki. Alinifungulia mwenyewe, shati limefungwa mpaka juu. Nilipiga magoti hapo hapo kizingitini.

"Mang Teryo, nimekuja kurudisha soksi. Na nimekuja kuomba radhi. Uliniomba dakika kumi nikakunyima, kumbe kaka yangu alikuwa ameshakufa. Mimi sikujua. Naapa, sikujua."

Hakuniinua. Alikaa taratibu kwenye ngazi, tukawa tunatazamana sawa kwa sawa.

"Mimi nilijua," akasema.

Nikaushusha ule wali chini, naye akaendelea.

"Daktari alikuja ukiwa dukani. Akamulika macho ya kaka yako, akashika shingo. Akasema, huyu amekwisha, mzee acha kufinya, nesi atamwambia ndugu yake. Akaandika saa, akaondoka."

"Mbona hukuniambia?" Nikamshika goti. "Mang Teryo, ungeniambia, mikono yangu ingekuwa yako! Mkeo angekuwa..."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Akainua mkono wake wa kushoto, akautazama kana kwamba si wake.

"Kwa sababu nilikuwa namfinyia kwa huu. Wa kulia niliutumia kwa Consing. Kushoto sina nguvu, binti, na nilipochoka, nilichoka upande wa kaka yako. Uliniachia mtu hai, ukakuta maiti. Nilishindwa hata kuachia kifuko, ndiyo maana uliporudi ulinikuta bado nafinya. Ningekwambiaje? Nikikwambia saa ile, nimekuulia kaka. Nikikwambia saa sita na nusu, utasema nimemuua ili nipate mikono yako."

Akafuta uso kwa soksi nilizomletea.

"Nikasema ni zamu yangu kulipa. Nikamwacha Consing alipe."

Wiki zote hizo. Mimi nalala na dhambi yangu upande wangu wa mji, yeye analala na yake upande wake. Na wale waliofanya, wamekumbushwa.

Nikatoa nakala ya faili. Nikamwonyesha ile mistari miwili, saa kumi na mbili na nusu na saa mbili. Nikamwambia nilikwenda nayo kwa daktari wa zahanati ya mtaani, naye alisema damu ilikuwa imeshajaa kichwani kabla hata ya ule mpira wa kooni, na kwamba hakuna mkono, wa kulia wala wa kushoto, ambao ungemrudisha. Kuya alianzia kufa kwenye benchi, kichwa mapajani mwangu, mimi nikisema asante.

Alisoma kwa muda mrefu. Alikuwa anasogeza kidole chini ya kila neno.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, Mang Teryo."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelewa. Tukala ule wali.

Wewe unayesoma hapa, iwapo siku moja utavikwa kadi shingoni na kukabidhiwa pumzi za mtu, nakuomba usiwe na adabu kama yangu. Kila gwanda jeupe linalopita, likamate uliulize: mgonjwa wangu yupo? Wakikujibu endelea, uliza tena. Wakisema unafanya fujo, fanya. Mimi nilikuwa na siku nzima ya kuuliza swali la maneno matatu, na sikuliuliza, kwa kuogopa kumuudhi nesi. Na ukiwa unajua jambo ambalo mwenzako hajaambiwa, mwambie, hata kama litakuchoma wewe.

Tulipoagana, nilinyoosha mikono yote miwili nimshike yake, kama tunavyoaga wazee.

Mang Teryo akanipa mmoja tu, wa kulia. Wa kushoto aliuficha nyuma ya mgongo.